Nusu Inchi Chini ya Gari la Shangazi

2 Februari

Mwanangu Spana,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana nina mambo. Huku wote tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto na redio ya baba yako, ambayo siku hizi inashika kituo kimoja tu na yeye anakisikiliza kwa sauti ya kuamsha mtaa. Sare za shule nimemaliza kushona, mashati mia na arobaini, vidole vyangu havitaki hata kushika kijiko. Mke wako nimemwota juzi amebeba tikiti maji. Sisemi kitu, nimeota tu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Unanijua, mimi nikishika simu napiga kelele, na chumba changu na cha baba yako vinatenganishwa na ukuta mmoja. Haya ya leo sitaki ayasikie. Dereva wa lori la saruji anapita hapa akielekea kwenu, nimemshonea suruali mbili, kwa hiyo barua zetu atazibeba bila kununa.

Sasa sikiliza. Nina gari. Usikunje uso, naona unavyoukunja. Nililinunua Novemba kwa mwalimu mmoja mstaafu, dogo, rangi ya chai ya maziwa, na leseni yangu ninayo tangu enzi zile naendesha gari la ushirika. Nikikaa kwenye usukani, mwanangu, nacheka peke yangu njia nzima. Sare nilizokuwa nazibeba kichwani sasa zinakaa kiti cha nyuma kama mabibi. Ila breki ndizo zinazonitia aibu. Wiki iliyopita nilikanyaga nikiwa langoni, gari likanisikia likiwa limeshaingia kwenye banda la kuku la baba yako. Kuku wote wazima, jogoo tu ndiye amekuwa na woga.

Baba yako akaitisha kikao cha familia. Kikao chenyewe watu watatu: yeye, mimi, na jirani yetu fundi seremala kama shahidi. Ikaamuliwa kwamba breki zisipopona hadi siku ya mwisho ya Aprili, gari linauzwa, na mnunuzi ameshampata. Kwa hasira nikakubali, nikatia na saini. Sasa nimejifunga mwenyewe.

Fundi wa hapa mtaani simtaki tena. Amelitengeneza mara mbili, na mara ya pili alinirudishia gari pamoja na kimfuko cha skrubu, akasema hizi zimebaki. Mimi nikishona koti nikabakiwa na mkono, mteja atanielewa? Kazi hii nitaifanya mwenyewe. Pedi za breki ninazo, kitabu cha gari mwalimu aliniachia, spana ninazo. Kinachonikwamisha ni kulinyanyua. Kile kijijeki cha kwenye buti, cha kujikunja, nilikijaribu kikaegemea upande kama mlevi, nikakimbia. Nataka jeki ya magurudumu, ile ndefu ya kusukuma chini ya gari na kupiga mpini. Wewe ni fundi mkuu wa gereji nzima, nichagulie moja ya kuaminika.

Baba yako asijue.

Shangazi yako

19 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua imefika ikinuka saruji. Tumeisoma mimi na mke wangu wakati wa kula, na tulipofika kwenye tikiti maji yeye akaweka kijiko chini. Mtoto tunamtarajia mwezi wa saba, Mungu akipenda. Hatujamwambia mtu yeyote, sijui wewe umeambiwa na nani. Kazini kuzima, isipokuwa tajiri wetu amenunua kipaza sauti na sasa anatuita kwa majina ya utani mbele ya wateja.

Kuhusu jeki, Shangazi, haraka haraka haina baraka. Jeki si sabuni, kwamba unaingia dukani unachukua iliyo karibu na mlango. Zipo zinazong'aa rangi nyekundu na ndani hazina kitu, ukipiga mpini leo inanyanyua, kesho mafuta yanavuja na gari linashuka polepole wakati wewe unatafuta miwani. Mtu unaweza kuumia. Hata mimi niliye kazini miaka kumi na minane siingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Labda ungengoja kidogo. Mvua zikiisha nitapata likizo, nije nilitazame mwenyewe, mwezi wa tano hivi au wa sita.

Kama huwezi kungoja basi nipimie kwanza. Nataka kujua uzito wa gari, utaupata kwenye kitabu. Nataka kujua kutoka ardhini hadi ule ukingo wa chuma nyuma ya gurudumu la mbele, pale jeki inaposhika, ni kiasi gani. Na uniambie uwanja ni saruji au udongo. Ukishapima tutaona.

Msalimie jirani seremala. Wasalimie na kuku.

Wako, Spana

1 Machi

Mwanangu,

Mwezi wa saba! Nimeshakata vitambaa vya mtoto, vya njano, maana njano haichagui. Baba yako sijamwambia, ingawa jana aliniuliza kwa nini naimba. Nikamwambia naimba kwa sababu redio yake imenifundisha wimbo mmoja mara elfu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nina maswali. Kwanza, mwezi wa tano unaujua unakuja baada ya Aprili, au huko kalenda zenu ni nyingine? Nilikuambia siku ya mwisho, ukaniletea likizo. Pili, umewasalimia kuku wa baba yako ukamruka mwenye kuku. Tangu lini? Kuna jambo baba yako amekuandikia? Niambie tu, mimi si mtoto.

Haya, umetaka vipimo. Nimelipima jioni, tepu shingoni, daftari la wateja mkononi, nimelifungulia ukurasa wake kabisa. Mabega, kutoka kioo cha pembeni hadi kioo cha pembeni, inchi sabini na moja. Kiuno, pale kwenye milango ya mbele, sitini na nne, limenenepa kidogo upande wa dereva ambapo mwalimu aligonga nguzo. Makalio sitini na tatu. Urefu kamili, kutoka taa hadi bomba la moshi, mia na sitini na mbili. Kutoka ardhini hadi huo ukingo unaoutaka, inchi saba na nusu. Uzito, kitabu kinasema kilo elfu moja na themanini, nikiwa sijaingia. Uwanja ni saruji, ile aliyomwaga baba yako mwenyewe, na kwa haki yake niseme iko sawa, maji hayatuami.

Seremala alisimama ukutani akaniuliza gari linashonewa nini. Nikamwambia sketi.

Nijibu upesi. Naona mnunuzi ameanza kupita hapa kila Jumamosi, analizunguka gari mikono nyuma, anapiga tairi teke. Sitaki mtu apige tairi langu teke.

Shangazi yako

22 Machi

Shangazi, shikamoo.

Umenivunja mbavu. Barua yako niliisomea gereji, na nilipofika kwenye makalio tajiri akaninyang'anya karatasi, akaisoma yote kwenye kipaza sauti. Mteja mmoja aliyekuja kugombana nasi alicheka akasahau alichokuja kugombea. Mpaka leo gari likiingia vijana wanauliza kiuno chake ngapi. Mke wangu anasema mtoto akiwa wa kike atapewa jina lako, na akiwa wa kiume pia.

Basi nimechagua. Nilikuwa na mbili mbele yangu. Ya kwanza mpya, nyepesi, nyembamba, inapita chini ya gari lolote hata lililolala. Ya pili ni nzito, ya chuma kitupu, kilo thelathini na tatu, ya mzee mmoja aliyefunga gereji yake. Ya pili ndiyo iliyoniingia moyoni. Inabeba tani tatu, na gari lako ni tani moja na kidogo, kwa hiyo haitahema. Magurudumu yake ya nyuma yanazunguka vizuri, kwa hiyo gari likipanda nayo inajivuta yenyewe kulifuata. Kile kikombe cha juu kina raba nzima, hakitakwaruza chuma. Nimeiwekea mafuta mapya na kubadilisha mipira ya ndani. Halafu niliinyanyulia gari la mizigo lililojaa magunia ya chumvi, nikaliacha hapo toka asubuhi hadi tunafunga, nikapima. Haikushuka hata unywele.

Kasoro yake ni moja, ikiwa imeshushwa kabisa bado ina kimo cha inchi sita. Lakini wewe una saba na nusu, itaingia na nafasi itabaki. Ndiyo maana sikuchukua ile nyembamba.

Nimekuwekea na stendi mbili za chuma. Ukishanyanyua unaziweka chini ya gari, unalishusha likae juu yake, ndipo unafungua tairi. Jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndizo za kushikilia. Hilo usilibadilishe hata nikija mimi mwenyewe kukuambia. Na mpini, wakati wa kushusha, unauzungusha kidogo kidogo, robo tu, usiufungue kama bomba.

Kuhusu uliloniuliza la baba, tuliache hilo kwanza. Dereva wa lori anapiga honi.

Wako, Spana

6 Aprili

Spana,

Jeki imefika. Haiingii.

Nimeisukuma kutoka mbele, kutoka pembeni, kutoka nyuma. Inagonga ukingo wa chuma na kusimama hapo. Nusu inchi tu, nimepima kwa kidole. Umechagua kwa makini kweli, ukanitafutia iliyozidi kwa nusu inchi.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Alipoona haiingii alitabasamu, akarudi ndani kuzima redio. Kuzima, Spana. Mtu anazima redio yake ili asikie vizuri.

Sasa nimeelewa likizo ya mwezi wa tano, na kuku waliosalimiwa, na honi ya lori. Umemtii baba yako. Mtoto mwema humtii baba yake, sikulaumu. Lakini mimi ndiye niliyekubeba mgongoni huku nakanyaga cherehani, mguu juu mguu chini, mpaka ukalala. Ungeniambia tu, Shangazi siwezi, ningekuelewa. Kunitumia kilo thelathini na tatu za dhihaka ndiko kulikoniuma.

Mke wako msalimie. Vitambaa vya mtoto nitaleta, havina kosa.

14 Aprili

Shangazi, shikamoo. Naandika nimesimama, dereva wa lori amekubali kurudi huko kesho kwa ajili yangu.

Ni kweli baba aliniandikia. Barua yake ilifika siku tatu kabla ya ile yako ya kwanza. Alijua utanitafuta mimi. Aliniambia ukiomba chombo chochote cha gari nikuzungushe hadi Aprili iishe. Ile barua yangu ya Februari, ya likizo na vipimo, ilikuwa ya kukuzungusha. Nilidhani ukiambiwa upime utachoka. Naona aibu kuiandika hii lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ila jeki si dhihaka. Uliponitumia mabega na kiuno niliona jinsi unavyolipenda hilo gari, nikamwandikia baba kwamba kazi hiyo imenishinda. Hajanijibu mpaka leo.

Sasa hili la nusu inchi. Juzi nilipata gari kama lako kabisa hapa gereji, mwaka uleule. Nikalala chini na rula. Kutoka ardhini hadi ukingo ni inchi tano na nusu. Wewe umeniandikia saba na nusu. Inchi mbili kamili zimetoka wapi? Nimefikiri usiku na mchana, kisha mke wangu akaniuliza swali moja, nikakaa chini. Nami nakuuliza wewe kwa heshima zote, Shangazi. Ulipopima, uliandika ulichokiona kwenye tepu, au uliongeza pindo?

Kama ni pindo, dawa ipo. Tafuta mbao mbili pana, ngumu, nene inchi moja na nusu. Ziweke mbele ya magurudumu ya mbele, endesha polepole mpaka yapande juu yake, vuta breki ya mkono, weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Gari litakuwa limeinuka, jeki itapita. Mengine kama nilivyokuandikia.

Baba hakuniambia sababu yake. Muulize.

Mwanao, kama bado unanitaka

29 Aprili

Mwanangu, mwanangu, mwanangu,

Pindo.

Niliposoma neno hilo nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikacheka mpaka jirani seremala akaja kuuliza nani kafa. Miaka arobaini nimepima watu, na kila kipimo cha kwenda chini naongeza inchi mbili, kwa sababu nguo ndefu inapunguzwa na fupi haina dawa. Mkono uliandika wenyewe. Daftari hili hapa mbele yangu, tano na nusu, halafu alama yangu ya kujumlisha, halafu mbili. Nimekutukana bure na wewe hukuwa na kosa, au ulikuwa nalo dogo, la Februari, na hilo nimeshalisamehe. Naomba na wewe unisamehe.

Mbao nilikosa. Za seremala zote zilikuwa nyembamba, za kabati. Jana asubuhi nikatazama meza yangu ya kukatia nguo, mninga mtupu, unene inchi moja na nusu na ushee. Nikafungua skrubu. Seremala alishika kichwa kwa sababu aliitengeneza baba yake, lakini alipoona sirudi nyuma alinisaidia kuikata vipande viwili. Wateja watakatiwa sakafuni mpaka nipate nyingine.

Nikapandisha gari. Nikavuta breki ya mkono, nikaweka mawe, nikasukuma jeki, na mwanangu, ikapita kama droo inavyoingia kabatini. Nikapiga mpini. Pigo la nne gari likaanza kupanda, na mimi nikaanza kuimba ule wimbo wa redio. Stendi nikaweka, gari nikalikalisha juu yake, nikalisukuma kwa bega kulijaribu, halikutikisika. Nikafungua tairi. Pedi za zamani zilikuwa zimeisha hadi chuma, na moja fundi wetu wa skrubu aliipachika mgongo mbele. Nimekuwekea ndani ya bahasha uitundike ukutani gereji.

Nilikuwa nimekaa chini, tairi la pili limetoka, grisi mpaka viwikoni, baba yako alipoingia na mnunuzi. Siku mbili kabla ya mwisho, hakuweza hata kungoja. Mnunuzi akanitazama, akatazama jeki, akachuchumaa. Hakuuliza bei. Akasema gari lake mwenyewe linalia kila akikata kona kulia, ingekuwa nini? Nikamwambia alilete Jumatano. Akaenda zake anashukuru, na baba yako akabaki uwanjani peke yake, amevaa viatu vya kuuzia gari.

Nikamuuliza. Nilikuwa namtazama magotini kwa sababu ndipo macho yangu yalipofika. Nikamwambia nimejua aliyokuandikia, na nataka kujua nimemkosea nini, maana banda la kuku nilishalijenga upya. Nilidhani atasema habari za hatari, au za wanawake na magari, na majibu nilikuwa nayo tayari, makali.

Akasema, "Ukiwa na gari utazoea kwenda. Mimi nitakula na nani?"

Mwanangu, tangu mama yako atutoke, ni miaka tisa, kila jioni anagonga ukuta mara mbili na mimi natoka na sufuria. Sijawahi kufikiri kwamba anazihesabu jioni hizo. Majibu yangu yote makali yalinitoka kichwani. Nililia kidogo, na kwa sababu ya grisi sikuweza kujifuta, kwa hiyo aliona.

Nikamwambia, "Kaka, gari lina viti vitano. Mimi nakalia kimoja."

Akauliza ule mpini wa jeki unafanyaje kazi. Tairi ziliporudi na stendi kutoka, yeye ndiye aliyelishusha. Nilimwambia robo robo, na alizungusha kwa mikono miwili, ulimi nje, jasho linamtoka, kana kwamba amepewa mtoto mchanga. Kisha akaingia kiti cha mbele akiwa bado na viatu vyake vile, akafunga mkanda, akaniambia nimwonyeshe hizo breki. Nikaenda hadi mwisho wa barabara, nikakanyaga. Lilisimama hapohapo. Nikarudi, nikakanyaga langoni. Likasimama, na jogoo hakukimbia. Akaniambia nizunguke tena. Tumezunguka mara sita, na mara ya tatu nilimwambia habari ya mwezi wa saba, akapiga dashibodi makofi mpaka kisanduku cha mbele kikafunguka.

Nitakuja na vitambaa vya njano, na sitakuja peke yangu. Barua nampa baba yako aifunge na kuipeleka kwa dereva wa lori, maana hata nikiosha mikono mara saba bado karatasi inashika mafuta, kama unavyoona.

Akupendaye sana, na akuombaye radhi kwa inchi mbili,

Shangazi yako

Mwanangu, naongeza hapa chini kabla sijafunga bahasha. Jeki ni nzuri. Naomba uniulizie kimya kimya kwenye shule za udereva za huko, mtu wa miaka sitini na saba bado wanampokea? Nauliza tu. Shangazi yako usimwambie. Baba yako.